Weupe wa Kaatule

Chupa ya kwanza ilipotoa majani meupe, Bi Kibano hakushtuka. Aliinyanyua, akaigeuzageuza mbele ya taa, akaona miche mitatu imesimama juu ya chakula chake, myeupe pe, kuanzia shinani hadi nchani. Akafungua daftari, akaandika: weupe watatu. Akairudisha chupa rafuni, akachukua ya pili. Hata ile ya pili ilipokuwa vilevile, moyo wake ulibaki palepale ulipokaa kwa miezi minne, na ukimuuliza ni wapi, hata yeye asingeweza kukuonyesha.

Kwanza tuelewane: weupe si habari katika kazi ile. Maabara yao hukuza mpunga kutokana na chavua. Wanakata masuke yakiwa bado yamefichwa ndani ya mmea, wakati ambao wakulima husema mpunga umeshika mimba, wanayaweka baridini siku kumi ili chavua isahau kazi yake ya kawaida, kisha wanavinyofoa vifuko vya chavua na kuvilaza ndani ya chupa, juu ya chakula kizito cha sukari na chumvichumvi ambacho wenyewe hukiita uji. Vikikubali, vinatoa uvimbe, na uvimbe unatoa miche. Katika kila miche kumi, minne, mitano, hata sita hutoka bila chembe ya ukijani. Hiyo inaishi kwa sukari ya chupani tu. Ukiitoa ukaitia udongoni haiwezi kujipikia chakula, na wiki haiishi imeshajifia. Usiichanganye na binadamu mwenye ualbino, ambaye anakula, anakwenda kazini, analea watoto na kukukaripia ukimkanyaga kwenye foleni. Mmea usio na ukijani hauna jiko, basi.

Kwa hiyo kila Ijumaa weupe hukusanywa, hupikwa kwa mvuke hadi kila kilichomo kife, na chupa huoshwa kwa ajili ya wengine. Bi Kibano alikuwa ameshapika weupe wa miaka kumi na tisa. Jina lenyewe alipewa kwa sababu ya kibano chake cha chuma, chembamba, ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa hata kukiazima. Kwa kibano kile alinyofoa vifuko vidogo kuliko ufuta, mia tatu kwa saa, huku akiwasimulia wenzake habari za majirani zake. Siku hizi alinyofoa mia tatu zilezile kwa saa ileile, ila habari za majirani zilikoma.

Chupa hizi, hata hivyo, hazikuwa za mpunga wowote tu. Zilikuwa za Kaatule.

Kaatule ulikuwa mpunga wa mama yake. Mama ndiye aliyeupa jina hilo, kwa sababu ukiwa jikoni harufu yake hutoka nje bila kuomba ruhusa, na jirani akipita mlangoni huna ujanja, inabidi umwambie kaa tule. Ulikuwa na kasoro moja: shina refu mno, upepo ukija kidogo unalala chini kama mlevi. Majirani walichoka kuuinua, mmoja mmoja wakahamia mbegu za dukani. Mama akabaki nao peke yake, misimu arobaini, akihifadhi mbegu kwenye ndoo chini ya kitanda na kumpa nusu kibaba cha mchele yule tu aliyempenda.

Bi Kibano alikuwa na ndoto moja ya siri katika maisha ya kazi, nayo ni Kaatule uingie kwenye mradi, uchanganywe na mpunga mfupi, upate shina la kusimama bila kupoteza harufu. Lakini mradi una sharti. Kabla mbegu haijapewa nafasi hujaribiwa kwanza chupani, ionekane kama chavua yake inaweza kutoa miche ya kijani. Ikishindwa, inafutwa, na hakuna anayeigusa tena. Alimwomba mama mbegu kwa miaka miwili. Mama akimzungusha: leo kichwa kinauma, kesho ndoo iko mbali. Mwishowe akampa punje chache kwenye kona ya kitambaa, akafunga fundo yeye mwenyewe.

"Nakujua wewe na machupa yako," alisema. "Usije ukaniulia mbegu."

Ilisemwa kwa utani, na Bi Kibano alicheka.

Aliotesha punje zote, ikatoka mimea saba kwenye kitalu cha maabara. Ilipofikia mimba aliyakata masuke kwa mkono wake, akayafunga kwenye kitambaa kibichi na karatasi ya alumini, akabandika utepe wenye tarehe na jina lake, akaweka furushi kwenye friji ya baridi. Hiyo ilikuwa Jumanne. Jumatano asubuhi, akiwa anaosha mikono, simu ilipigwa kutoka nyumbani kwamba mama hakuamka.

Mama naye akawekwa baridini. Kaka mkubwa wa Bi Kibano alikuwa kazini nchi ya mbali, na familia ikaamua asubiriwe. Zikapita siku tisa, mara ndege imejaa, mara ndege imeahirishwa. Bi Kibano alikaa kwenye mkeka wa wafiwa, akipokea mikono ya watu, na kila jioni akajikuta anahesabu siku za wote wawili, za mama na za furushi. Ya tano, ya sita. Alijua hesabu ile si ya mtu aliyefiwa, lakini kichwa kiliendelea nayo chenyewe. Machozi hayakuja. Wanawake wa mtaani walinong'ona kwamba ana moyo mgumu, wengine wakasema ndiyo elimu hiyo.

Kaka akafika, mama akazikwa. Siku ya tatu baada ya maziko watu walikuwa bado wamejaa na chakula kikaisha. Mama mdogo, ambaye ndiye aliyeshika jiko, aliingia chumbani kwa marehemu, akaona ndoo ya mpunga chini ya kitanda. Hakujua. Aliona mpunga, naye alikuwa na watu sitini nje. Ukapelekwa mashineni, ukakobolewa, ukapikwa wote. Watu wakasifu wali ule hadi wakasahau kidogo kilichowaleta. Bi Kibano aliletewa sahani naye akala, maana sahani ililetwa. Haukuwa na harufu, haukuwa na ladha, ulishuka kooni kama karatasi. Jioni alipoiona ndoo ukutani imefunikwa kichwa chini, ndipo alipoelewa amekula nini. Hakumlaumu mama mdogo. Aliichukua ndoo, akaitazama ndani, akairudisha chini ya kitanda.

Yakafuata ya kufunga nyumba, kugawa nguo, kutafuta vyeti. Alirudi kazini siku ya thelathini na moja tangu Jumanne ile.

Sasa, pale kazini kuna desturi moja ambayo wote wanaiheshimu kuliko hata saa ya chai: furushi la mtu haliguswi. Lina jina lako, ni lako, hata ukichelewa mwaka. Kwa hiyo wenzake waliofungua friji ile mara kumi kwa siku walilisukuma upande, wakachukua ya kwao, wakafunga. Walimwonea huruma pia, na huruma ilizidi kuwafanya wasilisogelee. Mtunza kitalu naye alikuwa ameng'oa yale mashina saba, kwa sababu meza ilihitajika na masuke yalikwishakatwa. Alimweleza hivyo kwa upole, akampa pole ya msiba kwa mikono miwili.

Kwenye ukuta juu ya friji pamebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: SIKU KUMI. ZIKIZIDI KUMI NA NNE, TUPA. Bi Kibano ndiye aliyeiandika, miaka mingi iliyopita. Alifungua furushi. Masuke yalikuwa na manjano kidogo, lakini hayajaoza. Ndiyo yaliyobaki ya Kaatule katika dunia nzima, na karatasi ilisema tupa. Akabandua utepe wa zamani. Akakata mpya, akaandika tarehe ya siku kumi zilizopita, akafungua daftari la friji, akajaza na huko tarehe hiyohiyo, ingawa siku hiyo alikuwa bado msibani; alijua hakuna anayehakiki mwandiko wake. Mkono haukutetemeka. Hilo ndilo lililokuja kumsumbua baadaye, kwamba haukutetemeka hata kidogo.

Ndiyo maana, miezi mitatu baadaye, weupe watatu wa chupa ya kwanza hawakumshtua. Alikuwa anawangoja.

Kufikia mwisho wa wiki chupa zilizotoa miche zilikuwa sitini na mbili, na miche mia moja themanini na sita. Mia moja themanini na sita yote ilikuwa myeupe. Hapakuwa na hata mmoja wenye mstari wa kijani, hata doa. Bi Kibano aliandika namba, akapiga mstari chini yake, akaenda kula chakula cha mchana ambacho hakukisikia mdomoni.

Aliyefurahi alikuwa Mtarajiwa. Huyu ni kijana anayesomea udaktari wa mimea, mwenye kalamu tatu mfukoni ambazo hata moja haiandiki, na Bi Kibano ndiye aliyempachika jina hilo siku ya kwanza aliyojitambulisha kama daktari akiwa bado ana miaka miwili ya kuhangaika. Alilipokea jina kwa moyo safi. Alikuwa kijana mzuri, tatizo lake lilikuwa haraka. Alizipanga chupa sitini na mbili kwenye rafu moja ndani ya chumba cha taa, akasimama mbele yake mikono kiunoni, kama baba mwenye nyumba anayetazama bati jipya.

Akamweleza Bi Kibano alichokiona, ingawa mambo hayo alifundishwa na Bi Kibano mwenyewe. Kwamba kila chembe hai ya mmea ina maktaba mbili. Kubwa iko kwenye kiini na hutoka kwa baba na kwa mama. Ndogo imo ndani ya vile vichembe vya kijani, na hiyo mpunga huirithi kwa mama peke yake. Ya baba haitakiwi, kwa hiyo chavua inapokomaa huanza kuikatakata, ukurasa baada ya ukurasa. Sasa wao maabara wanaivizia chavua kabla haijamaliza kukata. Wakiiwahi, mche unatoka wa kijani. Wakichelewa, mche unatoka na maktaba ndogo iliyojaa mashimo, na maelezo ya kutengeneza ukijani hayamo tena. Kasi ya kukata inaamuliwa na jeni za kwenye kiini, ndiyo maana aina moja ya mpunga hutoa weupe wengi na nyingine wachache.

"Lakini mia kwa mia, Bi Kibano? Umewahi kuona?"

Alisema hajawahi.

Mtarajiwa akaendelea kwamba hii lazima ni jeni katili kupita zote, na akiipata ilipo, kitabu chake cha shahada kimeandikika. Alikuwa mwangalifu, alifikiria sababu nyingine. Alijua kwamba siku za baridi zikizidi sana, chavua inazeeka mlemle ndani ya friji na kuendelea kukata. Lakini alikuwa ameangalia daftari. Siku kumi, safi kabisa, mwandiko wa Bi Kibano, na mwandiko ule pale maabara ulikuwa sawa na kiapo.

Kisha akampa habari njema. Profesa, mkuu wa maabara, alikuwa amekubali weupe hawa wasipelekwe kwenye mvuke. Watatunzwa. Kila wiki nne watahamishiwa kwenye uji mpya wenye sukari, mwaka hadi mwaka, wawe kielelezo. Kaatule utakuwa na rafu yake.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo shida ilipokaa, na Bi Kibano aliiona yote kwa mara moja. Akinyamaza, Kaatule ungeishi. Ungeishi mweupe, chupani, kwa kijiko cha sukari, lakini ungeishi, na yeye angekuwa anautembelea kila siku na kibano chake. Ila ungeandikwa kwenye vitabu kwamba ulizaliwa na kasoro, mpunga ambao mama aliulima misimu arobaini bila shina moja kutoka jeupe. Na kijana yule angejenga usomi wake wote juu ya utepe wa uongo. Akisema, jina la mpunga lingesafishika, na mpunga wenyewe ungepikwa Ijumaa pamoja na takataka nyingine. Kuhusu kazi yake hakufikiria sana. Alijaribu kuogopa na akashindwa.

Nyumbani mumewe, fundi cherehani, alikuwa anapindia suruali za shule sebuleni, mashine imeegeshwa karibu na dirisha. Alimsimulia yote akiwa amesimama mlangoni na mkoba bado begani, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya mabasi. Mume alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja, akamsikiliza mpaka mwisho. Hakumwambia la kufanya. Alisema kwamba jambo linalomsumbua yeye ni jingine.

"Tangu msiba hujanilalamikia chumvi," alisema. "Jana sikutia kabisa, makusudi. Ukala ukamaliza."

Bi Kibano alimtazama. Alikumbuka sahani ya jana, hakukumbuka chakula. Mume akaendelea na suruali zake, na yeye akaenda kubadili nguo.

Alhamisi alipoingia chumba cha taa alimkuta Mtarajiwa amepiga goti mbele ya rafu, anabandika kibandiko alichokichapa vizuri kwa mashine. Alikuwa anakilainisha kwa kidole gumba ili kisiwe na kiputo. Kilisema: KAATULE. WEUPE WA KURITHI. HAUFAI KUZALISHWA.

Bi Kibano alikisoma mara moja.

"Kitoe hicho," alisema.

"Nimekosea jina?"

"Jina sawa. Masuke hayakukaa siku kumi. Yalikaa thelathini na moja."

Mtarajiwa alicheka, kwa sababu zamani Bi Kibano alikuwa anapenda kumtania kabla ya mikutano. Kisha akamwangalia usoni na kicheko kikakatika. Alisema daftari limeandikwa kumi.

"Daftari niliandika mimi."

Kijana alikaa chini, sakafuni, palepale. Mashine ya kupoza hewa ilinguruma. Alipouliza kwa nini, hakuuliza kwa hasira, aliuliza kama mtu anayetaka kujua njia.

"Yangetupwa," Bi Kibano alisema. "Na nyumbani mbegu ilipikwa msibani. Nikaila na mimi."

Mtarajiwa alitazama chupa zake. Alisema ameshawaandikia watu wa maabara ya vinasaba. Alisema ameshamwambia mpaka mama yake. Halafu akasema jambo ambalo nadhani alilijutia baadaye, kwamba angenyamaza tu, hakuna ambaye angejua.

"Mama alilima misimu arobaini," Bi Kibano alisema. "Yote ilitoka kijani. Sasa wewe unataka aandikwe mpunga wake ulikuwa na kasoro, na kasoro ni yangu."

Kijana akainua mkono, akaanza kukibandua kile kibandiko kwa ukucha. Kilikuwa kimeshika sana, kikatoka vipandevipande, naye hakuinuka mpaka alipokimaliza.

Profesa aliwapokea ofisini wote wawili. Ni mama wa makamo anayevaa koti jeupe hata akiwa na baridi ya homa, na hapandishi sauti, ambalo ni baya zaidi. Aliuliza maswali mawili tu: siku ngapi, na nani mwingine alijua. Akaandika majibu. Akasema kwa miezi sita Bi Kibano hatashika kibano, atakuwa chumba cha kuoshea chupa, na baada ya hapo wataongea. Kuhusu Kaatule alisema ukweli ulivyo. Masuke ya siku thelathini na moja hayasemi lolote kuhusu mpunga, si jema si baya. Kwenye orodha utaandikwa: haukujaribiwa.

Bi Kibano aliuliza kama anaweza kuliandika neno hilo yeye. Profesa akamsogezea kitabu.

Mtarajiwa ndiye aliyejaribu kuutetea Kaatule. Aliuliza, akiangalia viatu, kama haiwezekani kubakiza hata chupa moja. Profesa alimjibu taratibu kwamba mmea usio na kumbukumbu sahihi hautunzwi, sheria ni hiyo, na hata ukitunzwa, utunzwe uwe nini? Maktaba iliyokatwa hakuna wa kuirudishia kurasa. Akauliza ni nani atakayezipeleka chupa kwenye mvuke.

"Mimi," alisema Bi Kibano.

Ile mashine ya mvuke wote huiita jiko. Ni pipa zito la chuma lenye kifuniko cha kufunga kwa vishikio sita, limekaa kwenye chumba kidogo mwisho wa korido, karibu na stoo ya mafagio. Ijumaa saa nne asubuhi Bi Kibano alizipanga chupa sitini na mbili ndani ya kikapu cha waya, tabaka kwa tabaka, akilegeza kila kifuniko nusu mzunguko ili zisipasuke. Alizipanga vizuri kama kawaida yake. Miche iliyumba kidogo kila alipoiweka, mirefu, ya shina lembamba, ikielekea kulala. Hata humu chupani ilikuwa inalala. Aliliona hilo, akaendelea kupanga.

Akashusha kikapu, akafunika, akakaza vishikio, akawasha. Akakaa kwenye stuli akitazama mshale wa presha ukipanda. Alikumbuka fundo la kitambaa na ile kauli ya mama, akajisemea kimoyomoyo, bila kujihurumia, kwamba ndiyo basi, ameiua. Neno lilipita kama mengine yote. Nusu saa ikaisha. Alizima, akangoja presha ishuke mpaka sifuri, akalegeza vishikio kimoja kimoja, akainua kifuniko.

Mvuke ulimpanda usoni. Alikuwa amezoea harufu ya jiko lile, sukari iliyoungua na majani yaliyochemshwa, harufu ya takataka. Hii haikuwa hiyo. Ilikuwa harufu ya wali wa mama yake. Ilitoka kwenye majani yale meupe, kwenye mashina yale yaliyolala, nzito, tamu, ikajaza chumba, ikapita mlangoni bila kuomba ruhusa.

Yule mtu wa maabara aliyekuwa ndani yake akaelewa kwanza. Harufu haikuandikwa kwenye maktaba ndogo. Iliandikwa kwenye ile kubwa, ya kiini, nayo haikukatwa hata ukurasa. Muda wote ule, katika kila chupa aliyoiandika weupe, Kaatule alikuwemo, mzima, isipokuwa hana pa kujipikia. Kisha yule mtoto wa mama yake akaelewa. Akajishika kwenye ukingo wa jiko, ukamuunguza, akausikia moto. Akaangalia mkono wake. Ulikuwa unatetemeka.

Mama wa usafi alichungulia mlangoni, ndoo mkono mmoja, fagio mkono mwingine, pua juu.

"Nani kapika wali humu ndani?" aliuliza.

Bi Kibano alifungua mdomo. Alivuta kwanza ile harufu.

"Mama," alisema.

Mama wa usafi alimtazama uso ulivyolowa, akatazama mvuke, akatazama chupa. Hakuuliza mama yupi. Aliweka ndoo chini, akavuta stuli nyingine, akakaa naye.